Warefu wa Vyuo Wakienda NBA: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Juni, drafti (uchaguzi wa wachezaji wapya) ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ikikaribia, mabishano huwa yaleyale: huyu mrefu wa chuo fulani atafaa kule kwa wakubwa, au atakuwa mzigo? Maswali haya nimeyaokota vibarazani, kandokando ya viwanja, na kwa wale wanaoamka saa kumi alfajiri kutazama mechi halafu wanasinzia kazini. Mengine nimeulizwa mpaka jibu limeota kutu mdomoni.

## Mambo ya msingi

"Warefu" ni akina nani hasa? Si wacheza kikapu wote ni warefu?

Ni wale wanaofanya kazi karibu na goli: senta, yaani namba tano, na pawa fowadi, namba nne. Sentimita peke yake haziamui. Kevin Durant ana kama mita 2.11 na hakuna anayemweka kwenye kundi hili, maana kazi yake ni ya pembeni. Draymond Green ana mita 1.98 tu, lakini amecheza senta kwenye kikosi cha ubingwa cha Golden State. Anayechukua ribaundi (mipira iliyokosa goli), anayeweka skrini (kusimama njiani kumzuia mlinzi wa mwenzake), anayelinda goli na kumalizia mipira ya karibu, huyo ndiye mrefu wetu.

Mpira ni uleule, goli ni lilelile. Inakuwaje mtu atambe chuoni halafu apotee NBA?

Goli ni lilelile, ila kila kinacholizunguka kimebadilika, na mabadiliko mengi yanamuumiza mrefu kuliko gadi, yule mwepesi wa nje anayeendesha mpira.

Eneo la sekunde tatu, lile lililochorwa mbele ya goli, chuoni lina upana wa futi 12. NBA ni futi 16. Aliyezoea kupokea mpira hatua moja kutoka golini anajikuta amesukumwa nje, na ule mgeuko wake aliokuwa akiwaliza nao watoto wa chuo sasa unaishia mbali na ringi. Mstari wa pointi tatu nao umerudi nyuma, kutoka mita 6.75 hadi mita 7.24, isipokuwa kwenye kona ambako unabana kidogo. Wapiga tatu wakitawanyika, mrefu anayelinda ana uwanja mkubwa zaidi wa kukimbilia.

Halafu kuna sheria ambayo watazamaji wengi hawaijui. Chuoni mlinzi anaweza kusimama chini ya goli lake mchana kutwa, hapigiwi filimbi. NBA, tangu msimu wa 2001/02, mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu haruhusiwi kukaa ndani ya eneo lile zaidi ya sekunde tatu. Mnara uliokuwa umepandwa katikati sasa lazima utembee, na kuna minara isiyojua kutembea.

Ongeza saa ya mashambulizi, muda ambao timu lazima iwe imetupa golini: sekunde 30 chuoni, 24 NBA. Ongeza mechi 82 badala ya thelathini na kitu. Na ongeza hili ambalo halimo kwenye kitabu cha sheria: chuoni mrefu mzuri hukutana na mwenzake wa kiwango chake mara chache kwa msimu. NBA anakutana naye Jumanne, Alhamisi na Jumamosi.

Drafti ni nini kwa ufupi?

Ni mnada usio na pesa. Timu zinachagua vijana kwa zamu, raundi mbili, wasiozidi 60, na zilizofanya vibaya ndizo zinazopewa nafasi nzuri ya kutangulia. Namba unayochukuliwa nayo inapanga mshahara wako wa mwanzo, na pia inapanga matusi utakayopokea ukishindwa.

Ni lazima mtu apitie chuo?

Hapana. Tangu drafti ya 2006 Mmarekani anatakiwa awe ametimiza miaka 19 katika mwaka wa drafti na mwaka mmoja uwe umepita tangu darasa lake limalize sekondari, ndiyo maana wengi hucheza chuo msimu mmoja tu na kuondoka. Nikola Jokić na Rudy Gobert walitoka klabu za Ulaya moja kwa moja. Ukurasa huu unawahusu waliopita chuoni.

## Swali lisilotuacha Watanzania

Hasheem Thabeet alikosea wapi?

Naulizwa hili kuliko yote, na kwa kawaida linakuja na hasira, kana kwamba aliazima kitu chetu hakukirudisha. Kijana wa Dar es Salaam, mita 2.21, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, alichukuliwa wa pili mwaka 2009 na Memphis Grizzlies akitokea chuo cha Connecticut. Waliochukuliwa baada yake ni pamoja na nyota wawili wakubwa, James Harden, wa tatu, na Stephen Curry, wa saba. Wastani wa Hasheem kwa muda wake wote NBA: pointi 2.2 na ribaundi 2.7 kwa mechi.

Mimi neno "alikosea" silipokei. Msimu wake wa mwisho chuoni alikuwa akizuia mitupo zaidi ya minne kila mechi, timu ikafika nne bora ya taifa, na akagawana tuzo ya mchezaji bora wa Big East, ligi ya vyuo vyao, na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Vitu hivyo haviokotwi barabarani.

Lakini alianza kikapu akiwa kijana mkubwa tayari. Wenzake wa rika lake Marekani walishacheza miaka kumi, miguu yao inajua pa kwenda kabla kichwa hakijaamua. Yeye alikuwa bado anajifunza, na ligi aliyoingia haikuwa shule. Februari 2009 Connecticut walipokutana na Pittsburgh, Blair, aliyekuwa mfupi kwake kwa sentimita ishirini, alimbinua mgongoni wakigombea ribaundi, Hasheem akapaa na kuanguka chali. Watu walicheka, ila skauti makini, mtafuta vipaji wa timu, alikuwa anaandika: kiuno chake kiko juu, anang'oka.

Na timu yenyewe? Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol kwenye nafasi hiyohiyo, na mwezi mmoja baada ya drafti wakamleta Zach Randolph. Dakika za kujifunzia zingetoka wapi? Februari 2010 akashushwa ligi ya maendeleo, Dakota Wizards, na hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyekuwa amewahi kushushwa. Baadaye Houston, Portland, Oklahoma City, na basi.

Angechukuliwa wa ishirini, leo tungemkumbuka kama senta wa akiba aliyejitahidi. Ni ile namba mbili iliyommeza.

Basi Memphis walipaswa kumchukua Curry?

Baada ya mvua kila mtu anajua ingenyesha. Memphis walikuwa na gadi kijana, Mike Conley, waliyemchukua 2007. Na hawako peke yao: Minnesota walikuwa na nafasi ya tano na ya sita, wakachukua magadi wawili mfululizo, Ricky Rubio na Jonny Flynn, wakamwacha Curry amesimama palepale. Kuhusu Harden, hapo sina cha kuwatetea.

## Unampimaje mrefu wa chuo?

Nikitaka kumjua mapema, nitazame nini?

Acha kutazama mpira. Mtazame yeye wakati timu yake inalinda na gadi wa upande wa pili anakuja na skrini.

Hiyo ndiyo piki-endi-roli, na NBA inachezwa tena na tena usiku mzima: mrefu mmoja anamwekea gadi wake skrini, gadi anapita, na mrefu anayelinda anabaki na sekunde moja ya kuamua. Akirudi nyuma kulinda goli, gadi anatupa tatu. Akitoka nje kubadilishana mtu, anajikuta uwanja wazi na kijana mwepesi anayemchezesha mdundiko. Tazama miguu yake hapo. Anateleza pembeni kwa hatua fupi, au anageuza mgongo na kukimbia? Makalio yako chini, au amesimama wima kama anangoja daladala? Anayeweza angalau njia moja kati ya hizo mbili, kwa uhakika, ana kazi NBA. Asiyeweza yoyote atawindwa kila mechi, hata akifunga pointi ishirini upande wa pili.

Baada ya hapo tazama mikono: anaudaka mpira kwa mara ya kwanza, au unamdunda kifuani? Halafu faulo. Chuoni unatolewa kwa faulo tano, NBA sita, na bado warefu wengi wa mwaka wa kwanza wanamaliza robo ya kwanza wakiwa benchi na mbili.

Mitupo huru inahusiana nini na pointi tatu?

Sana. Mrefu wa chuo mara nyingi hakatazwi kutupa tatu kwa sababu hajui. Anakatazwa kwa sababu kocha anamtaka chini ya goli ashinde mechi za leo. Kwa hiyo hesabu zake za tatu hazikuambii kitu. Mstari wa mitupo huru, ile ya aliyefanyiwa faulo, unakuambia, maana pale hakuna mlinzi, ni mkono wake tu.

Karl-Anthony Towns akiwa Kentucky alijaribu tatu nane tu msimu mzima, akaingiza mbili. Mitupo huru alikuwa anaingiza zaidi ya asilimia 80. Alichukuliwa wa kwanza 2015, na mwaka 2022 akashinda shindano la pointi tatu la wikiendi ya nyota, mbele ya magadi. Brook Lopez wa Stanford ni kisa kizuri zaidi: misimu yake minane ya kwanza NBA aliingiza tatu 3. Si kwa mechi, jumla! Msimu wa 2016/17 akaingiza 134. Mwaka 2021 akawa bingwa na Milwaukee, amesimama nje ya mstari kama gadi. Muda wote ule mitupo yake huru ilikuwa safi.

Kipi muhimu zaidi, urefu au mikono?

Mikono, kama lazima nichague. Ndiyo maana kwenye vipimo vya Mei kule Chicago wanapima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Ila mikono bila miguu nayo ni mapambo. Mo Bamba wa Texas alipimwa mikono yenye upana wa takriban mita 2.39, akachukuliwa wa sita 2018, na tangu 2023 amekuwa akihama timu. Tacko Fall, Msenegali wa futi saba na inchi tano, hakuchukuliwa kabisa 2019. Upande wa pili, Bam Adebayo wa Kentucky, mita 2.06 hivi, alingojea mpaka nafasi ya 14 mwaka 2017, na ni miongoni mwa warefu wanaoweza kumkaba mtu yeyote uwanjani.

Anayefunga kwa mgongo, akiwa amempa goli mgongo, bado ana nafasi?

Ana nafasi kama ana kitu kingine pia. Jahlil Okafor alikuwa fundi wa mchezo huo. Akachukua ubingwa wa vyuo na Duke mwaka 2015, akachukuliwa wa tatu na Philadelphia, msimu wa kwanza akafunga pointi 17.5 kwa mechi. Ukiishia hapo utasema nyota. Misimu miwili baadaye alikuwa hana dakika: halindi goli, hatoki nje, na timu ziligundua kwamba mpira ukisimama mikononi mwake wenzake wanne wanasimama pia. Joel Embiid anacheza mgongo uleule, tena kwa timu ileile, lakini analinda goli, anatupa tatu na anaingiza mitupo huru. Mchezo wa mgongo umekuwa kachumbari: unanogesha, haushibishi.

Tuzo ya mchezaji bora wa vyuo ina uzito gani?

Inakuambia nani alikuwa bora chuoni, nukta. Tim Duncan aliipata 1997 na Anthony Davis 2012, na wote walikuwa kweli. Lakini Luka Garza wa Iowa aliipata 2021 akachukuliwa wa 52.

Zach Edey wa Purdue ndiye aliyewagawa watu kuliko wote, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Mkanada wa mita 2.24, mchezaji bora mara mbili mfululizo, 2023 na 2024. Kwenye fainali ya 2024 dhidi ya Connecticut alifunga pointi 37, na timu yake ikafungwa 75 kwa 60. Nilikesha kuitazama, na nikiri mpaka mapumziko sikuelewa kilichokuwa kinaendelea. Connecticut walimwachia senta wao, Donovan Clingan, apambane na Edey karibu peke yake, hawakutuma msaada, wakawang'ang'ania wapiga tatu. Purdue wakaingiza tatu moja tu mechi nzima. Yaani walimwambia: wewe funga mbili zako, sisi tunanunua.

Walioona mechi hiyo walisema NBA itamfanyia hivyohivyo. Memphis (naam, haohao) wakamchukua wa tisa, nafasi mbili nyuma ya Clingan. Hawakumpa kazi ya Purdue. Walimtaka aweke skrini, avune ribaundi na amalizie alichopewa, na msimu wa kwanza ukaisha akiwa kwenye kikosi bora cha wachezaji wapya. Clingan, aliyekwenda Portland, akawa kikosi cha pili. Nilikuwa upande wa wale waliosema Edey hatadumu dakika kumi, na wanaonifahamu bado wananikumbusha.

## Wa kwetu na wa jirani

Oscar Tshiebwe alikuwa bora Marekani nzima. Kwa nini hakuchukuliwa?

Tshiebwe ni wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ndicho lugha ya mtaani, kwa hiyo swali hili huniijia kwa lafudhi ya kule pia. Msimu wa 2021/22, akiwa Kentucky, alivuna ribaundi 15.1 kwa mechi na kuwa mchezaji bora wa vyuo. Akarudi mwaka mmoja zaidi, na drafti ya 2023 ikapita bila jina lake.

Sababu zimo kwenye swali la nini cha kutazama hapo juu. Ana mwili wa senta kwa urefu wa pawa fowadi, hatupi tatu, na ulinzi wake wa skrini uliwatia watu shaka. Lakini ribaundi ni kitu kimoja kinachosafiri vizuri kutoka chuo kwenda juu. Indiana wakampa mkataba wa njia mbili, ule wa kupanda na kushuka kati ya NBA na G League, ligi ya maendeleo, baadaye Utah, na kote huko mipira imeendelea kumfuata.

Khaman Maluach je? Naye si ni Hasheem mwingine?

Nimesikia ulinganisho huu Kampala na Dar, na nauelewa: Mwafrika Mashariki, mrefu mno, alianza kikapu kwa kuchelewa. Maluach alizaliwa Sudan Kusini na kukulia Kawempe, Kampala. Tofauti ni njia. Kabla ya Duke alipita akademia ya NBA kule Senegal, akacheza ligi ya Afrika, ikiwemo na City Oilers ya Uganda, na akiwa na miaka 17 alikuwa Olimpiki ya Paris na Sudan Kusini, akikabana na watu wazima. Hasheem hakuwa na ngazi hizo.

Mitupo yake huru chuoni ilizidi asilimia 70, dalili njema. Dalili mbaya: nusu fainali ya 2025 Duke walipopinduliwa na Houston, alimaliza bila ribaundi hata moja. Alichukuliwa wa kumi 2025 na haki zake zikaenda Phoenix. Siku hiyo alikuwa chini ya miaka ishirini; asiyejua kungoja asishabikie warefu.

Pesa za vyuoni zimebadilisha nini?

Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao. Mrefu anayetarajiwa kuchukuliwa wa hamsini hana tena haraka. Anabaki chuoni, analipwa, anajifunza. Wanafunzi wa kigeni wenye viza ya masomo wamebanwa zaidi, maana viza hiyo haiwaruhusu kufanya kazi watakavyo wakiwa Marekani. Tshiebwe na Edey wote walikuwa kwenye kundi hilo.

## Mabishano ya pembeni

Unampimaje mtu aliyecheza mechi tatu tu chuoni?

Humpimi, unabahatisha. James Wiseman alicheza mechi tatu chuo cha Memphis, Golden State wakamchukua wa pili 2020, LaMelo Ball akafuata. Akaingia timu ambayo mfumo wake una hesabu nyingi kuliko mtihani wa kidato cha sita, halafu goti likaumia.

Majeraha nayo yanahesabiwa kuwa "hakufaa"?

Sioni haki hapo. Greg Oden wa Ohio State alichukuliwa wa kwanza 2007, mbele ya Durant, na magoti yalimruhusu mechi 105 tu. Alipokuwa mzima alifaa. Embiid alikosa misimu yake miwili ya kwanza yote, watu wakamzika, na 2023 akawa mchezaji bora wa NBA. Chet Holmgren alipoteza msimu mzima kwa mguu, na 2025 akawa bingwa na Oklahoma City. Mrefu anayeumia mguu au goti mapema ni wa kuogopwa, lakini si wa kufungiwa faili.

Si walisema enzi za warefu zimekwisha?

Walisema, wakiiangalia Golden State ikitwaa ubingwa na mtu mfupi kama Green kwenye nafasi ya senta. Oklahoma City ya ubingwa ilikuwa ikiwapanga Holmgren na Isaiah Hartenstein pamoja. Cleveland wana Evan Mobley, wa Southern California, mlinzi bora wa mwaka 2025, akicheza ubavuni mwa Jarrett Allen wa Texas. Kilichokwisha ni mrefu wa kazi moja.

Nimpe mtu miaka mingapi kabla sijasema ameshindikana?

Nilikuwa nasema mitatu. Kisha nikamkumbuka Hassan Whiteside. Alitoka Marshall, akachukuliwa wa 33 na Sacramento mwaka 2010, akacheza kidogo, akaachwa. Akaenda Lebanon, akaenda China. Hakuna aliyekuwa akibishana juu yake popote. Mwishoni mwa 2014 Miami wakamwita, na msimu wa 2015/16 akaongoza NBA nzima kwa kuzuia mitupo, kisha akasaini mkataba wa dola milioni 98. Siku hizi nikiulizwa swali hili nauliza kwanza: anacheza wapi sasa hivi, na nani anamfundisha?